Ndege Anapooga: Kwa Nini Povu la Sabuni ni Baya Kuliko Tope

Kila mjadala wa uchafuzi wa ziwa unapoibuka Mwanza, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: mbona ndege bado wapo? Yangeyange wanatembea kwenye mdomo wa Mto Mirongo, korongo marabu wamejipanga penye mabaki ya samaki pale Mwaloni Kirumba, kunguru anaoga kwenye mtaro wa barabara. Kwa hiyo, watu husema, ndege wa mwitu ameumbwa kuvumilia maji ya aina yoyote, na wanaolalamikia sabuni na oili ufukweni wanakuza mambo.

Hoja hiyo inachanganya kula na kuoga. Ndege anaweza kuokota chakula mahali pachafu kisha akaruka kilomita kadhaa kutafuta pa kujiosha. Inachanganya pia aina za uchafu. Maji ya kahawia baada ya mvua, yenye udongo peke yake, ndege huyamudu. Maji angavu ambayo mtu ametoka kufulia shuka, na ambayo jicho letu linayaona masafi, yanaweza kumlowesha ndege huyohuyo hadi ngozini. Ninaposema maji safi katika makala hii, nina maana hii: maji yasiyo na sabuni, yasiyo na mafuta, na yasiyo na kinyesi wala uozo. Rangi yake inakuja nyuma kabisa.

Ili kuona kwa nini mpangilio uko hivyo, tuanze na unyoya.

Unyoya umeundwaje

Okota unyoya wa bawa la kuku uutazame kwenye mwanga. Katikati kuna uti. Pande zake mbili zimetoka nyuzi nyembamba zilizolala sambamba, na kila uzi una vinyuzi vidogo zaidi ambavyo huvioni bila hadubini. Sehemu ya vinyuzi hivyo ina vikulabu, navyo hushika vinyuzi vya uzi wa jirani. Upasue unyoya kwa kidole, kisha uupitishe katikati ya vidole viwili kutoka shinani kwenda nchani: unafunga tena, kama zipu ya begi.

Kufungika huko ndiko kunakobeba karibu kazi zote. Bawa linapopiga, hewa haipenyi, ndege anapaa. Tone la mvua halipati mwanya. Chini yake, manyoya laini ya ndani yanashika hewa iliyopashwa na mwili. Joto la mwili wa ndege wengi ni kati ya nyuzi 40 na 42 za Selsiasi, na maji ya Ziwa Victoria juu juu ni karibu nyuzi 25. Kwetu hayo ni maji ya kuogelea vizuri. Kwa ndege ambaye maji yamemfika ngozini, ni tofauti ya nyuzi 15 inayomnyonya joto, na usiku wa Mwanza unaposhuka hadi nyuzi 17 au 18 hali inakuwa mbaya zaidi.

Unyoya uliokomaa hauna damu wala uhai ndani yake. Umetengenezwa kwa keratini, jamii ya protini inayopatikana pia kwenye kucha na pembe, na ukiharibika haujitibu. Ndege wengi hubadilisha manyoya mara moja hivi kwa mwaka. Hadi msimu huo ufike, aliyonayo ndiyo hayo. Ndege mdogo wa ukubwa wa shorewanda ana manyoya kati ya 1,500 na 3,000 ya kutunza, na vikulabu vyake huachana kila siku kwa upepo, matawi na vumbi.

Kuoga na kuchana

Mtazame ndege mdogo akioga utaona ana utaratibu. Anasimama penye kina kifupi, maji yakimgusa tumbo, na anainua manyoya ili maji yapite chini yake. Anachovya kichwa na kifua, anarusha kichwa nyuma maji yamwagike mgongoni, huku mabawa yakipiga uso wa maji kwa kasi. Anafanya hivyo kwa vipindi vifupi, akisimama kutazama huku na huku, kwa sababu ndege aliyelowa ni mzito na mwewe analijua hilo. Kisha anarukia tawi la karibu, anajikung'uta, na kuanza kazi ndefu kuliko kuoga kwenyewe: kuchana manyoya kwa mdomo.

Juu ya shina la mkia ndege wengi wana tezi ndogo ya mafuta. Ukichinja kuku unaiona. Ni ile chuchu ya manjano kwenye kifundo cha mkia ambayo wapishi wengi huikata na kuitupa. Ndege huiminya kwa mdomo, halafu huvuta unyoya mmoja mmoja, akifunga vikulabu vilivyoachana na kuupaka mafuta mapya. Maji yalimtayarishia kazi hiyo. Yaliondoa vumbi, magamba ya unyoya unaochipua na mafuta ya zamani yaliyoganda, na yaliulainisha unyoya uliopinda ili urudi umbo lake.

Je, asipooga inakuwaje? Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2009 ulijaribu jambo hili kwa kwezi wa Ulaya. Ndege walishtuliwa wakimbie kupitia kamba zilizoning'inizwa. Walionyimwa maji ya kuoga waligonga kamba nyingi zaidi kuliko waliooga. Kwa ndege anayefukuzwa na kipanga katikati ya matawi, kugonga ndiyo kukamatwa.

Sasa angalia mpangilio wa kazi yenyewe: kwanza maji yanaingia katikati ya manyoya, halafu mdomo unapita kwenye kila unyoya. Kilichokuwemo majini kinabaki manyoyani, na kilichobaki manyoyani kinaishia tumboni. Ndiyo sababu maji ya kuoga ya ndege yanastahili kuangaliwa kwa uzito uleule wa maji yake ya kunywa.

Si ndege wote wanaoga kwa njia moja. Mbayuwayu hugusa maji akiwa angani, mdiria hujitosa na kuibuka, chozi hujisugua kwenye majani yenye umande. Kuku, kanga na kwale hawaogi majini kabisa. Wao huoga vumbi. Shorewanda hufanya yote mawili.

Sabuni inafanya nini

Hapa ndipo penye kutoelewana kwingi, na kuna jaribio rahisi la kufanya mezani. Chukua manyoya mawili makavu ya kuku. Dondoshea la kwanza tone la maji ya bomba: linajikusanya duara na ukiinamisha unyoya linabingirika. Sasa koroga chembe kidogo za sabuni ya unga, zile unazoweza kubana kwa vidole viwili, kwenye glasi ya maji, udondoshee unyoya wa pili. Tone linasambaa, linazama, na unyoya unakuwa mweusi wa unyevu. Ukimaliza, nawa mikono.

Kilichotokea ni hiki. Maji hupenda kushikana yenyewe kwa yenyewe, ndiyo maana tone ni duara. Nafasi kati ya vinyuzi vya unyoya ni ndogo sana na zimejaa hewa. Maji yaliyoshikana hayawezi kujipenyeza humo. Sabuni hulegeza kushikana huko, na maji yanaingia. Pamoja na hayo inayeyusha mafuta ya tezi ambayo ndege ameyapaka kwa saa nyingi.

Watu wengi huamini kwamba mafuta ya tezi peke yake ndiyo yanayozuia maji. Kinachotangulia ni mpangilio wa nyuzi na vikulabu; mafuta huufanya unyoya usikauke na kuvunjika, na husaidia kuwazuia bakteria na kuvu. Jambo hili lina matokeo nyumbani. Wapo wanaompaka kasuku au jogoo mafuta ya alizeti ili manyoya yang'ae. Yanang'aa kweli, lakini nyuzi zinagandamana, vikulabu vinaachana, na maji yanapata njia.

Oili ya injini na petroli hufanya hivyohivyo, kwa ukali zaidi. Injini nyingi za mitumbwi hutumia petroli iliyochanganywa na oili, na tone linalomwagika wakati wa kujaza tangi husambaa juu ya maji kama utando wenye rangi nyingi. Ndege wa majini hukaa hasa pale juu. Doa dogo kifuani linatosha kufungua njia ya maji kwenye sehemu inayozama muda wote. Ndege anaanza kutetemeka, anaacha kula ili ajichane, na kila anapojichana anameza oili, ambayo hudhuru utumbo, figo na ini. Anayeonekana "mvivu wa kuruka" kando ya mwalo mara nyingi yuko kwenye hatua hiyo.

Dawa ya haya iko mikononi mwa wanaotumia ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira yake. Kwa mfuaji au muosha bodaboda maana yake ni kuteka maji kwa ndoo, kurudi juu nje ya mita hizo, na kumwaga povu kwenye udongo unaofyonza, mbali na mtaro unaoteremka ziwani. Kwa mwenye injini: jaza tangi likiwa nchi kavu kwa kutumia faneli, weka kitambaa chini ya mdomo wa tangi, na oili chafu iingie kwenye dumu lenye kifuniko. Maji yanayokusanyika chini ya mtumbwi, yakiwa na harufu ya petroli, yasimwagwe karibu na matete, kwa kuwa huko ndiko ndege wadogo wanakoogea.

Kinyesi, uozo na maji ya kijani

Maji yaliyosimama na kuchanganyika na kinyesi hupitisha magonjwa. Salmonela husambaa hivyo. Mdondo wa kuku nao huweza kupita kwenye maji yaliyochafuliwa na ndege mgonjwa, na njiwa hupata ugonjwa wa koo unaotokana na kijidudu cha trikomonasi wanapokunywa na kuoga kwenye chombo kimoja. Yakikaa zaidi, mbu wanazaliana, na mbu ni miongoni mwa wanaoeneza ndui ya kuku.

Maji ya kijani ni tatizo la ziwa lenyewe. Katika Ghuba ya Mwanza, upepo ukitulia, hutokea tabaka la kijani kibichi linalofanana na rangi iliyomwagwa, hasa kwenye vihori vilivyofungika. Wengi huliita mwani. Ni sianobakteria, bakteria wanaotumia mwanga kama mimea, na hustawi mbolea, maji taka na taka za viumbe zinapoingia ziwani. Baadhi yao hutengeneza sumu inayoshambulia ini. Ndege akioga humo, anaimeza wakati wa kujichana. Kuchemsha maji hayo hakuondoi sumu, kwa hiyo usiyatie kwenye beseni la kuku wala la bata hata baada ya kuyachemsha.

Ndege wenyewe huchagua wanapoweza. Kwenye maziwa ya magadi kama Bogoria kule Kenya, heroe hula kwenye maji makali ya chumvi lakini hukusanyika penye chemchemi na midomo ya vijito ili kunywa na kuosha manyoya. Hapa Mwanza uchaguzi huo hupungua wakati wa kiangazi. Mvua zikinyesha, mashimo ya juu ya miamba yetu ya matale hujaa maji mepesi, yenye kina kifupi, na ndege wa vilimani huoga humo. Kuanzia Juni hadi Septemba mashimo hukauka. Kinachobaki ni ukingo wa ziwa na mitaro ya mjini, ndiyo maana unamwona kunguru pale kwenye mtaro. Yuko pale kwa kukosa kwingine.

Na tope? Udongo mtupu hauvunji nguvu ya tone la maji, wala hauyeyushi mafuta ya unyoya. Ukikauka, ndege anaukung'uta na kuuchana. Unamwongezea kazi, haumwondolei kinga.

Mnandi na marabu

Ndege hawa wawili hutajwa sana kama ushahidi, kila mmoja kwa namna yake.

Mnandi anayeanika mabawa juu ya Jiwe la Bismarck husemekana hana tezi ya mafuta. Anayo. Manyoya yake yameumbwa hivi: sehemu ya nje hulowa, sehemu ya ndani hubaki kavu. Kulowa kwa nje kunapunguza hewa iliyonaswa, naye anazama kwa urahisi kufuata samaki. Tabaka jembamba la ndani linamlinda ngozi. Akitoka, anaanika. Kwa hiyo amezoea kulowa kwa kiasi fulani, na hesabu yake ni finyu. Sabuni ikilowesha na lile tabaka la ndani, hana akiba nyingine.

Korongo marabu anaonekana mchafu kuliko wote, miguu yake ikiwa na weupe kama chokaa. Miguu yenyewe ni ya rangi ya kijivu iliyoiva. Weupe ni kinyesi chepesi anachojimwagia makusudi ili kikikauka kimpunguzie joto. Kichwa na shingo havina manyoya ya maana, na hapo ndipo anapochovya kwenye mizoga na matumbo ya samaki. Damu na mafuta vinakauka na kubanduka kwenye ngozi tupu. Manyoya ya mabawa, yanayomwezesha kuelea angani muda mrefu, huyatunza kwa kuoga na kuchana kama ndege yeyote. Mwili wake unaonyesha wazi ni wapi uchafu unavumilika na ni wapi hauvumiliki.

Kuku, bata na beseni la uani

Kumwogesha kuku kwa sabuni ya unga au mafuta ya taa ili kuua utitiri ni desturi iliyoenea, na ningeomba iachwe. Mafuta ya taa huunguza ngozi na humezwa, sabuni huacha kuku bila kinga dhidi ya baridi, na utitiri mwekundu mchana haupo mwilini. Umejificha kwenye nyufa za banda na vichanja, unatoka usiku kunyonya. Safisha banda, ziba nyufa, tumia dawa ya banda iliyoidhinishwa na mtaalamu wa mifugo. Kwa mwili wa kuku, weka sanduku lenye upana wa sentimita 60 kwa 60, lijazwe mchanga mkavu laini na majivu ya kuni hadi kina cha sentimita 15 au 20. Liwe chini ya paa. Vumbi likilowa halina kazi. Majivu ya moto uliochomewa plastiki yasitumike.

Bata ni kinyume chake. Maji ya kunywa kwenye kopo la kina kifupi hayamtoshi. Anahitaji beseni ambalo kichwa chote kinazama, sentimita 10 hadi 15, la sivyo pua zinaziba, macho yanaganda ukoko na manyoya yanapoteza uwezo wa kuzuia maji. Beseni hilo linachafuka haraka sana, hivyo limwagwe kila siku.

Kwa ndege wa mwitu, sinia pana la udongo au karai la zamani linatosha. Makosa ya kawaida ni kina kirefu na kuta zinazoteleza. Ukingoni maji yawe na sentimita 2 hadi 3, katikati yasizidi 5. Chombo kikiwa kirefu, panga mawe bapa yenye uso mkwaruzo. Kiweke mita 2 au 3 kutoka kwenye kichaka, ili paka asivizie kwa karibu, lakini pawe na mti wa kurukia baada ya kuoga. Kivuli cha mchana husaidia maji yasichemke. Maji ya bomba yanafaa; klorini yake ni kidogo.

Badilisha maji kila siku, au usipoweza, yasivuke siku mbili. Mbu huhitaji takriban wiki moja hadi siku kumi kutoka yai hadi kuruka, lakini baadhi hutaga kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, kwa hiyo kumwaga tu hakutoshi: sugua ukuta kwa brashi. Usitumie sabuni hapa, kwa sababu ile ile. Mara moja kwa wiki tumia jiki, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, iache dakika 10, suuza hadi harufu iishe kabisa, kisha anika juani kikauke kabla ya kukijaza. Ukiona ndege aliyevimba macho au mwenye manyoya yaliyosimama akija kwenye chombo, kiondoe kwa wiki mbili wasiambukizane.

Ukimkuta ndege aliyepakaa oili

Mtu mwenye huruma hukimbilia kumwosha. Subiri. Ndege aliyepoteza joto anaweza kufa kwa mshtuko wa kuoshwa. Mfunike kwa kitambaa, mshike mabawa yakiwa yamefungwa mwilini, na kwa mnandi au korongo chunga macho yako, maana hudonoa usoni. Muweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa na kitambaa chini, mahali pa joto, giza na kimya. Usimlazimishe maji wala samaki. Toa taarifa kwa ofisi ya maliasili ya halmashauri au kwa askari wa Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane.

Wataalamu hutumia sabuni kweli, ile ya maji ya kuoshea vyombo, na hapo ndipo wengine huuliza mbona tumesema sabuni ni mbaya. Wao humwosha akiwa ameshapata nguvu, kwa maji ya uvuguvugu wa nyuzi 40 hivi, kisha hutumia muda mrefu kusuuza kuliko kuosha. Husuuza hadi matone yaanze kubingirika yenyewe juu ya manyoya. Tone likizama mahali popote, sabuni bado ipo na wanarudia. Baada ya hapo ndege hukaa siku kadhaa na beseni la maji safi, akijichana na kufunga vikulabu, na hupimwa akielea kabla ya kuachiwa. Ufukwe wa kumwachia huwa mwingine, wala si ule ambao bado una utando wa oili.